Kijana wa Shamba la Mkonge na Karo Iliyokosekana

Kila mwaka shule zinapofunguliwa, kamati ya basari, yaani msaada wa karo, ya wadi yetu hukutana katika darasa moja la shule ya msingi. Huwa tumo watu saba, tumeunganisha madawati mawili yakawa meza, na juu yake pana fomu nyingi kuliko fedha tulizopewa kugawa. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili, na niliingia katika kamati hiyo miaka sita iliyopita baada ya wazazi kunipendekeza. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: tunasoma fomu, tunalinganisha hali za waombaji, kisha tunaamua nani apate kiasi gani. Ugumu wake uko katika sehemu moja ya fomu ambapo mwanafunzi hutakiwa kueleza matatizo ya nyumbani kwao. Watoto wa miaka kumi na minne wamekwisha kujua kwamba asiyeeleza dhiki yake kwa ufasaha hapati kitu, na kwa hiyo hujieleza. Huandika juu ya baba aliyefariki, juu ya mama anayefua nguo za watu, juu ya paa linalovuja na usiku wa kulala na njaa. Wengine huandika vizuri mno, na nimewahi kumsikia mjumbe mwenzangu akimsifu mtoto kwa namna alivyoipanga taabu yake, kana kwamba tulikuwa tumeketi kusahihisha insha.

Mwaka huu, tulipokuwa katikati ya kazi hiyo, mzee mmoja wa kamati ambaye namheshimu sana alisema kwamba watoto hawa wasionewe huruma kupita kiasi, maana taabu ndiyo iliyowakuza watu wakubwa wa nchi hii. Akatoa mfano wa Tom Mboya, mtoto aliyezaliwa katika shamba la mkonge akafikia kuwa waziri na kusikilizwa na marais. Sikumjibu pale pale, kwa sababu ya umri wake na kwa sababu fomu zilikuwa bado nyingi. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na maneno yake kifuani, na kadiri nilivyoyatafakari ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba maisha ya Mboya, yakisomwa kwa makini, yanasema kinyume cha alichokusudia mzee.

Mkonge naujua. Nilizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge huku Pwani ya Kenya, katika nyumba ya chumba kimoja iliyokuwa kwenye safu ya nyumba zinazofanana kama meno ya kitana. Baba yangu alikuwa mkata majani. Aliondoka kabla ya mapambazuko ili afanye sehemu kubwa ya kazi kabla jua halijawa kali, na kazi hiyo mtu asiyeiona hawezi kuikisia uzito wake: kila jani la mkonge lina mwiba mgumu kwenye ncha, utomvu wake huwasha ngozi, na majani hukatwa, yakafungwa mafungu, yakahesabiwa, kisha mshahara ukafuata hesabu hiyo, si saa ambazo mtu amesimama juani. Mikono ya baba ilikuwa na makovu hadi viwikoni. Sisi watoto tulicheza nyuma ya kiwanda, penye harufu ya maji machafu yaliyotoka kwenye mashine ya kusaga majani, na jioni tulizitazama nyuzi nyeupe zilizoanikwa juu ya waya tukadhani kwamba hakuna kitu kizuri kuliko hizo duniani.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo, si mbali na mji wa Thika, sihitaji kuchorewa picha. Shamba hilo lilijulikana kwa jina la mlowezi Sir William Northrup McMillan, ambaye wakati Mboya anazaliwa alikuwa amekwisha kufariki na kuzikwa juu ya mlima huohuo. Jina la McMillan limebaki hadi leo kwenye maktaba kubwa iliyo katikati ya Nairobi, maktaba ambayo kwa miaka mingi ya ukoloni ilikuwa ya Wazungu pekee. Kila nipitapo mbele ya simba wa mawe walio mlangoni pake huwakumbuka watoto wa kambi ile, ambao baba zao walikata majani katika shamba lenye jina lilelile na wasingeruhusiwa kuvuka kizingiti hicho wakafungua kitabu.

Wazazi wa Mboya, Leonard Ndiege na Marcella Onyango, walikuwa wametoka mbali, kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria. Baba yake alifanya kazi shambani kwa miaka mingi na hatimaye akawa nyapara, lakini katika mashamba yale nyapara wa Kiafrika alikuwa na filimbi na lawama zaidi kuliko alivyokuwa na fedha. Mtoto wake alikulia miongoni mwa Wakamba, Wakikuyu na watu wa makabila mengine walioletwa pamoja na kazi. Katika kambi ya namna hiyo mtoto hachagui lugha; lugha humwingia kwa michezo na kwa ugomvi wa bombani. Mboya alizungumza Kikamba na Kiswahili kama alivyozungumza Kijaluo, na Kikikuyu nacho alikimudu. Baadaye, wanasiasa wenzake waliposimama majukwaani wakihitaji wakalimani, yeye alihamia kutoka lugha hadi lugha bila kutafuta maneno. Hilo nalikubali kuwa kambi ilimpa, na ni zawadi kubwa. Hata hivyo ningependa tukumbuke kwamba alipewa na majirani. Umaskini wenyewe haukuwa na sehemu katika kutoa zawadi hiyo.

Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, alipelekwa shule ya misheni ya Kikatoliki ya Kabaa, katika Ukambani. Mwaka 1942 akahamia St. Mary's Yala, upande wa Nyanza, na mwaka 1946 akaingia Holy Ghost College, Mang'u, shule ambayo hadi leo mzazi yeyote wa Kenya husikia fahari mtoto wake akiitwa huko. Tazama ramani uone safari hizo: mtoto wa mfanyakazi wa mkonge anavuka nchi kutoka Ukambani hadi karibu na ziwa, kisha anarudi tena karibu na Thika, na kila mahali kuna karo, kuna sare, kuna nauli. Leonard Ndiege hakuwa amesoma, lakini alimsomesha mwanawe kwa mshahara wa shamba, na katika hadithi hii yeye ndiye mtu ambaye hatajwi inavyostahili. Tunapenda kusimulia mtu mashuhuri kana kwamba alijizaa mwenyewe.

Kisha ikaja mwaka 1947. Mboya alifanya mtihani wa sekondari wa Waafrika na akafaulu kiasi cha kuweza kuendelea na masomo ya cheti cha Cambridge, ambacho ndicho kilichokuwa lango la kwenda chuo cha Makerere, Uganda. Hakuendelea. Wadogo zake nao walikuwa wamefikia umri wa kusoma, na mshahara wa baba haukuweza kuwabeba wote. Alikuwa na miaka 17, akili yake ikiwa imethibitishwa kwa mtihani wa serikali yenyewe, na masomo yake ya darasani yakakatika kwa sababu ya fedha. Mwaka 1948 alijiunga na mafunzo ya ukaguzi wa afya yaliyofanyika Jeanes School, Kabete.

Hapo ndipo ninapotaka kumsimamisha mzee wangu wa kamati na kumwuliza kwa heshima: taabu ilimpa nini kijana huyu mwaka 1948? Kwa mwanafunzi aliyefaulu, ilimnyang'anya. Iwapo alifika mbali baadaye, alifika akiwa amepunguziwa, na hatutajua kamwe ni wangapi waliokaa naye darasani Mang'u, au waliocheza naye katika kambi ya Kilima Mbogo, ambao walipunguziwa vivyo hivyo wasifike popote. Hao hawana sanamu. Tunamtazama mmoja aliyevuka mto uliofurika tukausifu mto.

Nami nilifikishwa ukingoni mwa mto huo. Nilipokuwa kidato cha pili nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, pamoja na wanafunzi wengine ambao majina yao yalisomwa asubuhi mbele ya gwaride. Zilikuwa zimebaki shilingi 3,200. Kwa mtu anayelipwa kwa mafungu ya majani hizo zilikuwa fedha za miezi, na baba alizisikia, akainuka, akatoka nje, akakaa huko mpaka giza likaingia. Nilikaa kambini wiki tano. Wanawake wa kambi walikuwa na chama cha kuchangiana, kila mwezi mmoja wao akipokea fedha zote, na mwezi ule haikuwa zamu ya mama yangu. Mwanamke ambaye zamu ilikuwa yake, mama wa watoto sita aliyekuwa ameweka nia ya kununua mabati, alikuja jioni mlangoni petu akamwambia mama, "Dada, chukua wewe kwanza. Mvua ya mwaka huu si kubwa." Sikuwa nimeandika insha yoyote juu ya dhiki yangu. Nilirudi shuleni kwa basi la asubuhi, na mabati yake aliyanunua mwaka uliofuata.

Mboya alifuzu na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi kuwa mkaguzi wa afya. Kuna kisa cha siku zile ambacho yeye mwenyewe alipenda kukisimulia, na nimekifundisha darasani mara nyingi. Siku moja alikuwa peke yake ofisini akifanya kazi, akaingia mwanamke wa Kizungu aliyeleta chupa ya maziwa yapimwe. Mwanamke huyo alitazama huku na huku, akauliza kama pana mtu yeyote mle ndani. Mboya akamwuliza kama macho yake yana tatizo. Wanafunzi wangu hucheka wanapofika hapo, na mimi huwaacha wacheke, kisha huwauliza ni jambo gani lililomfanya mtu mwenye macho mazima asimwone mkaguzi aliyeketi mbele yake akiwa na vifaa vya kazi. Kicheko hukatika polepole. Mkaguzi Mwafrika alifanya kazi ileile ya mkaguzi Mzungu kwa mshahara uliokuwa mdogo zaidi, na Mboya aliona kwamba kumjibu mwanamke mmoja kwa maneno makali hakutaongeza hata senti kwa mwenzake yeyote. Akakigeuza chama cha wafanyakazi Waafrika wa jiji kuwa chama halisi cha wafanyakazi, na mwaka 1953, akiwa na miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini Kenya.

Yafaa kukumbuka ulikuwa wakati gani. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, viongozi wa KAU, chama cha siasa cha Waafrika wa Kenya, walikuwa kizuizini, na chama chenyewe, ambacho Mboya alikihudumia kama mweka hazina katika siku zake za mwisho, kilipigwa marufuku Juni 1953. Katika Nairobi, operesheni ya Aprili 1954 iliwazoa maelfu ya wafanyakazi wakapelekwa kambini. Mdomo wa kisiasa ulikuwa umezibwa, na vyama vya wafanyakazi vikabaki karibu mlango pekee ambao Mwafrika angeweza kusimama na kusema jambo bila kufungwa siku hiyohiyo.

Kwa upande wetu wa Pwani, jina la Mboya liliingia mwaka 1955. Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini, na Machi mwaka huo makuli waligoma kwa sababu mishahara yao haikulingana na bei ya chakula na kodi ya chumba mjini Mombasa. Mboya alitoka Nairobi akaja. Hakuwa ametimiza miaka 25. Babu alinisimulia habari hiyo nikiwa mdogo, akiwa amejinyoosha juu ya kitanda chake cha kamba. "Mjukuu wangu," alisema, "sisi tulikuwa wanaume wenye wake na watoto, tumekasirika, na yule alikuwa kijana ambaye ndevu zake unaweza kuzihesabu. Akatuambia turudi kazini, mazungumzo yaendelee. Hatukutaka kulisikia neno hilo. Lakini alisema nasi kwa Kiswahili ambacho hakikuwa cha kuamrisha, na tukamsikia." Wakarudi kazini, shauri likapelekwa kwa wasuluhishi, na nyongeza ya mshahara ikapatikana. Babu aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila kiongozi mpya alipozuka alimpima kwa kipimo kimoja, yaani kama angeweza kuwaambia watu wenye hasira jambo wasilolitaka na bado wakamwamini.

Mwaka huohuo wa 1955 Mboya alipata nafasi ya kusoma mwaka mmoja Ruskin College, mjini Oxford, Uingereza. Ninaona maana kubwa katika aina ya chuo hicho. Kilianzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wazima wa tabaka la wafanyakazi ambao hawakupata elimu walipokuwa vijana. Miaka minane baada ya kuondoka Mang'u, kijana wa Kilima Mbogo aliketi tena mbele ya walimu, akasoma mambo ya viwanda na siasa, akazungumza na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Uingereza, kisha akapitia Marekani akapata marafiki huko. Machi 1957, mwaka wa kwanza Waafrika wa Kenya kupiga kura kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, Nairobi ilimchagua yeye. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza kama mwenyekiti mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra, uliokusanya wapigania uhuru wa bara zima. Ningeweza kuandika mengi juu ya mambo hayo, na wengine wameyaandika. Mimi nataka kufika mwaka 1959, kwa maana huko ndiko ninakoiona karo ya mwaka 1947 ikirudi.

Katika miaka ile chuo kikuu kilichokuwa karibu kwa kijana wa Afrika Mashariki kilikuwa Makerere, na nafasi zake zilikuwa haba. Vijana wengi wa Kenya walikuwa wameandika barua wenyewe kwa vyuo vya Marekani, mara nyingi vyuo vidogo katika miji ambayo hawakuweza hata kuitamka, na baadhi ya vyuo hivyo viliwakubali na kuwapa ufadhili wa masomo. Waliwekwa katika hali ya ajabu: nafasi chuoni wanayo, karo imelipwa au imepunguzwa, lakini nauli ya kuvuka bahari hawana. Barua ya kukubaliwa ilibaki ndani ya sanduku chini ya kitanda. Mboya aliitambua hali hiyo mara moja. Mwaka 1959 alizunguka Marekani kwa majuma kadhaa akihutubia mikutano mingi sana, akiomba nafasi za masomo na fedha za kukodi ndege. Pamoja na rafiki yake Mmarekani, mfanyabiashara William Scheinman, alisimamisha wakfu wa kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson na wasanii Harry Belafonte na Sidney Poitier wakatia saini barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Huku nyumbani Dkt. Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri walishughulika naye, na vijijini watu walifanya michango ya chai na kuuza mifugo ili kijana wao asiende mikono mitupu.

Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Serikali ya kikoloni haikupendezwa, na maofisa wake walizoea kusema kwamba shahada za Marekani hazina thamani ya zile za Uingereza. Mwaka uliofuata Mboya alimwendea Seneta John F. Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kufikia mwaka 1963, wanafunzi waliosafirishwa kwa mpango huo walikuwa karibu 800, wengi wao Wakenya, na wengine walitoka nchi jirani zikiwemo Tanganyika na Uganda. Wengi wakizungumza habari hii humtaja baba yake Barack Obama, ambaye kwa kweli hakuwamo katika ndege ile ya watu 81, ingawa alikwenda Hawaii mwaka huohuo na Mboya alikuwa mtu wake wa karibu. Mimi humtaja Wangari Maathai, msichana wa Nyeri aliyeondoka Septemba 1960 kwenda chuo kidogo cha Kansas kinachoendeshwa na watawa, na ambaye mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Jambo linalonigusa kupita yote katika mpango ule ni jinsi ulivyolenga. Mboya hakuwauliza wale vijana ni nani aliyelala njaa zaidi. Alitafuta pengo lilipo, akaona ni nauli, akaenda kuitafuta nauli. Naamini alijua hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alisimama mbele ya pengo la namna hiyo akiwa na miaka 17, amefaulu, amekubaliwa, na kilichokosekana kikawa kitu ambacho mtu mwingine angeweza kukitoa bila kuumia.

Sitaki kumfanya malaika. Kama mtu wa Pwani nina deni naye la kumwuliza. Alipokuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, wizara yake ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965 juu ya ujamaa wa Kiafrika, na waraka huo ulisema kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza katika sehemu ambazo tayari zina ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri, ili faida yake ije kusaidia sehemu nyingine baadaye. Kwa lugha ya kamati yetu ya basari, aliye karibu kufika asaidiwe afike, kisha amvute mwenzake. Kwa mtu mmoja mmoja, hoja hiyo naielewa. Kwa wilaya nzima, ilikuwa na maana kwamba mahali palipokosa barabara mwaka 1965 palikosa barabara na mwaka 1995, nami nilisoma katika shule ambayo maabara yake ilikuwa rafu moja. Ninasikitika kwamba mtoto wa kambi alitia jina lake chini ya fikra hiyo. Pia katika mapambano ya mwaka 1966 ya ndani ya KANU, chama kilichotawala, yaliyomwondoa Oginga Odinga chamani, yeye alikuwa mpangaji hodari, na wako wazee wa Nyanza ambao jambo hilo lilibaki kuwauma. Namsomesha Mboya akiwa na hayo yote.

Aliuawa kwa kupigwa risasi mchana wa Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ambayo leo huitwa Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Mtu mmoja alihukumiwa na kunyongwa, na maswali ya Wakenya hayakuisha. Amezikwa Rusinga, kisiwa walikotoka wazazi wake kwenda kutafuta kazi. Karibu na mahali alipouawa pana sanamu yake iliyozinduliwa mwaka 2011, na nilipowapeleka wanafunzi wangu Nairobi tulisimama hapo kwa muda, katikati ya wachuuzi na kelele za matatu. Msichana mmoja aliniuliza ikiwa baba yake Mboya alikuwa bado hai siku ile. Nilimwambia kwamba sina hakika. Akanyamaza, nami nikanyamaza.

Sasa nirudi katika kikao chetu. Desturi ya kamati imekuwa kugawa fedha ili kila fomu iliyoeleza taabu ya kutosha ipate shilingi 2,000, na kwa namna hiyo tunawaridhisha watu wengi na hatumvushi mtu. Mwenye deni la elfu arobaini hurudishwa nyumbani akiwa na zile 2,000, na mwenye deni la elfu tano hurudishwa naye. Siku ya pili nilipata nguvu ya kusema hivyo, na nilisimulia habari ya ndege ya mwaka 1959 kwa kirefu, labda kwa kirefu kuliko ilivyopasa, kwa kuwa mwalimu akipewa nafasi hufundisha. Nilipendekeza kwamba tuanze na wanafunzi ambao tukiwaongezea kidogo watabaki darasani mwaka mzima, na kwamba kwa wale wenye madeni makubwa tuandike barua kwa mfuko wa eneo bunge na kwa wafadhili wengine tukiwa na majina yao na hesabu kamili, badala ya kuwatuliza kwa kiasi kisichowafaa. Mabishano yalichukua asubuhi nzima. Wengine waliogopa lawama za wazazi, na hofu hiyo si ndogo kwa watu wanaoishi kijiji kimoja na hao wazazi.

Mchana tulifika kwenye fomu ya msichana wa kidato cha tatu. Katika sehemu ya kueleza matatizo ya nyumbani alikuwa ameandika mstari mmoja tu: "Nimebakiza shilingi 4,850." Mjumbe mmoja alisema fomu haijajazwa, iwekwe kando. Mzee yule aliyemtaja Mboya aliichukua, akaisogeza karibu na dirisha kwa sababu ya macho yake, akaisoma, akageuza nyuma kutazama kama pana maneno mengine. Hapakuwa na kitu. Akaomba kalamu, na katika nafasi ya kiasi kilichopitishwa akaandika yeye mwenyewe, polepole, tarakimu zote nne.